Kisanduku cha "Mwingine"

Walinipa fulana ya kijani. Mgongoni iliandikwa kwa Kifaransa kwamba mabadiliko ni sisi. Sisi akina nani, haikusema. Kampuni yetu ya shaba hapa Kolwezi ilikuwa inaacha kazi ya makaratasi na kuingia kwenye mfumo mmoja mkubwa wa kompyuta: bohari, karakana, mishahara, likizo, hospitali, vyote ndani ya programu moja. Wataalamu walikuja kutoka nje, wakafungua ofisi pembeni ya jengo la utawala, na kabla hawajamaliza hata mwezi wakatutangazia kwamba tatizo la mradi halikuwa programu. Tatizo lilikuwa sisi. Walituita "upinzani", na walikuwa na michoro ya rangi ya kuonyesha jinsi upinzani unavyopanda na kushuka, kana kwamba tulikuwa homa.

Mimi nilikuwa karani wa idara ya wafanyakazi, mwaka wa kumi na moja. Nimezaliwa Dilala, kwenye nyumba za zamani za kampuni. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba yangu akakaa ofisini, na mimi nikakaa karibu na kiti kilekile. Watu wa karakana wananijua. Wengine tunaimba nao kwaya moja Jumapili. Ndiyo sababu nilichaguliwa kuwa mjumbe wa mabadiliko. Mkuu wa mradi, mtu wa sauti ya upole ambaye sikuwahi kumsikia akiipandisha, aliniambia waziwazi: "Wewe wanakuamini. Sisi hapana." Nilivimba kichwa siku nzima. Ilinichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba hakuwa ananisifu. Alikuwa anaomba kuazima uso wangu, nami nikampa bila hata kumuuliza ataurudisha lini.

Lazima nieleze kadi ya familia, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa kilichotokea. Zamani kila mfanyakazi alikuwa na kadi ya karatasi ngumu katika kabati letu. Juu jina lake, chini jina la mke, halafu watoto mmoja mmoja. Aliyeandikwa kwenye kadi alitibiwa kwenye hospitali ya kampuni. Asiyeandikwa alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Karani mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa yuko kwenye pensheni, alikuwa na utaratibu wake kuhusu yatima. Kwetu, matanga yakiisha, kabla watu hawajakunja mikeka, familia inakaa na kugawana watoto wa marehemu: huyu atakwenda kwa baba mkubwa, yule kwa mdogo wa mama. Jumatatu inayofuata, baba mkubwa anakuja ofisini amemshika mtoto mkono. Karani mzee alikuwa anamuuliza mtoto jina lake, anaandika tarehe ya kuzaliwa, na anamweka chini ya watoto wengine wa yule baba. Hakuna aliyetaja mahakama. Hospitali walijua, wakurugenzi walijua, na haikuwa siri wala ujanja. Mimi mwenyewe nimeandika watoto wa namna hiyo wengi.

Mfumo mpya ulitaka kila mfanyakazi ajaze fomu upya. Mbele ya jina la kila mtoto kulikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama: mtoto wa kuzaa, mtoto wa kuasili kwa hukumu ya mahakama, mwingine. Kwenye mkutano niliuliza mtu aliyetiwa alama ya "mwingine" atakuwaje. Mkuu wa mradi alisema hiyo ni taarifa tu, ya kupanga data vizuri. Nikauliza tena, maana nilikuwa nawafikiria watu wangu. Akatabasamu. "Hakuna atakayepoteza kitu kwa sababu ya kuhama," alisema. "Huo ndio ujumbe. Nenda uuseme."

Nilikwenda nikausema. Nilisimama karakana asubuhi, saa ya kubadilishana zamu, juu ya ubao uliowekwa kwenye matairi, nimevaa ile fulana. Mafundi wa malori makubwa walikuwa wamenizunguka, nusu wanakwenda kulala, nusu wanaanza kazi. Niliwaambia akina baba wale kwa Kiswahili chetu:

"Ba tata, muandike bukweli bote. Mutoto wa kuzaa, muandike wa kuzaa. Mutoto wa ndugu, mutie alama ku 'mwingine'. Hakuna muntu atapoteza kitu. Minatoa neno yangu."

Fundi mmoja, mtu mzima, akainua mkono. Nilimjua vizuri. Ndiye anayesoma masomo parokiani kwetu na anaimba sauti nzito nyuma yangu kwenye kwaya.

"Mama, na kama sistemi inamukatala?"

"Haiwezi kumukatala, tata. Ni habari tu."

Nayaandika maneno haya na meno yangu yanauma kwa kuyakaza.

Yule fundi alikuwa na watoto watano wa kuzaa na binti wa sita. Binti huyo ni wa mdogo wake, aliyefariki kwa ajali ya gari kwenye barabara ya Likasi. Nilikuwa kwenye yale matanga, niliimba, nilikula ugali wao. Mama wa mtoto alirudi kwao Sandoa, na familia ikampa fundi yule binti, wakati huo ana miaka mitatu. Sasa ana kumi na mmoja. Ametofautiana na kitinda mimba wa fundi kwa miezi mitano tu, na wanavaa viatu vya namba ileile, kwa hiyo kila asubuhi kuna ugomvi. Ana ugonjwa wa damu, ule tunaouita SS. Maumivu yakimpanda kwenye mifupa anahitaji dripu na mara nyingine damu, na anahitaji siku hiyohiyo. Kadi ya hospitali kwa mtoto yule haikuwa karatasi ya kutunza kabatini. Ndiyo iliyomfikisha hapo alipo.

Alikuja kujaza fomu mezani kwangu. Mikono yake ilikuwa na grisi kwenye mistari, aliifuta mara mbili kabla ya kushika kalamu. Alitia alama kwenye "mwingine", halafu, mahali ambapo hapakuwa na mstari wowote wa kuandikia, akaongeza kwa mwandiko wa mtu aliyesoma kwa masista: mtoto wa mdogo wangu, marehemu, mimi ndiye baba yake. Niliipenda sana ile fomu. Niliwaonyesha wengine waliokuwa kwenye foleni, nikawaambia hivi ndivyo mtu anavyojaza.

Wapo ambao hawakunisikiliza. Wajanja hao waliandika watoto wote ni wa kuzaa, wakarekebisha na tarehe ili zisigongane, wakaondoka wakinipigia saluti ya utani. Hao hawakupoteza hata mtoto mmoja. Waliopoteza ni wale tu walioniamini mimi.

Mfumo uliwashwa Jumatatu. Kulikuwa na keki yenye sukari ya kijani, na mkuu wa mradi alikata kipande cha kwanza akanilisha mimi mbele ya watu. Nilipiga makofi. Alhamisi, saa sita mchana, muuguzi wa mapokezi ya hospitali akanipigia simu akasema kuna baba mmoja hapa, amekataa kuondoka mpaka uje.

Nilimkuta fundi kwenye benchi, kichwa cha binti kiko pajani mwake. Mtoto alikuwa ameuma pindo la kitenge, halii, anatazama ukuta tu. Muuguzi aligeuza kioo cha kompyuta nione. Chini ya jina la fundi kulikuwa na mke na watoto watano. Nilitafuta alama nyekundu, neno la kusubiri, chochote. Hakukuwa na kitu. Ni kama binti yule hajawahi kuzaliwa.

"Mama," fundi akasema, bila kupandisha sauti, "niliandika vile ulisema."

Nilitoka uani nikampigia mkuu wa mradi. Hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba waliotiwa alama ya "mwingine" hawapelekwi kwenye orodha ya hospitali, ndivyo kanuni ilivyojengwa tangu mwanzo, orodha ilikuwa imejaa watu wasiostahili. Tangu mwanzo. Yaani siku ile aliponiambia ni taarifa tu, alikuwa anajua. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikaenda nikawapaka wenzangu. Alisema fundi aende mahakama ya watoto, alete hukumu, wataingiza jina kwa dakika tano. Nikamwambia mtoto anaumwa sasa hivi. Akasema anaelewa kwamba ni wakati mgumu kihisia, lakini niwe mwangalifu, maana tabia za zamani hurudi kwa kupitia mlango wa huruma. Damu ilinichemka mpaka nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwa ajili yake.

Kwa sababu ya kufundisha wengine, nilikuwa nimepewa ruhusa ya kufungua kurasa za familia. Nilirudi ndani, nikamwomba muuguzi kiti chake, nikafungua ukurasa wa fundi, nikaongeza jina la binti: mtoto wa kuzaa. Mfumo ukauliza mama ni nani. Ulinipa jina moja tu la kuchagua, la mke wa fundi, nikalibonyeza. Nikahifadhi. Jina likatokea. Fundi aliona, na muuguzi aliona. Mtoto aliingizwa wodini, akawekewa dripu, akapewa damu, akakaa siku tano. Nilidhani yameisha.

Sikujua kwamba mfumo unajikagua wenyewe. Wiki ya tatu ukatoa orodha ya mambo yasiyowezekana, na la kwanza kabisa lilikuwa mwanamke aliyezaa watoto wawili kwa kupishana miezi mitano. Fundi akapata barua: afike mbele ya tume aeleze habari za uongo kwenye ukurasa wake. Mfanyakazi anayekutwa na uongo wa namna hiyo anaweza kufukuzwa. Na mimi, kwa kuwa ni sauti ya wafanyakazi, nikateuliwa kuwa katibu wa tume. Walitaka niandike muhtasari.

Nilimfuata karakana siku moja kabla. Nilimwambia nitasema kilichotokea. Alikuwa chini ya lori, akatoka nusu, akanitazama.

"Usisumbuke, mama. Tumeshasemezana na bibi yangu. Bitatengenezeka."

Nilipaswa kuuliza yeye na mke wake wamepanga vitatengenezekaje. Mtu mwenye akili zake angeuliza. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hana nafasi ya kusikiliza. Tangu Alhamisi ile nilikuwa natunga hotuba kichwani, jikoni, kwenye pikipiki ya kwenda kazini, hata kanisani wakati wa mahubiri. Nilikuwa nimeshaichagua kila sentensi. Niliitoa fomu yake ya kwanza kutoka kwenye sanduku nikaiweka kwenye jalada langu, ili siku hiyo niwatupie usoni.

Tume ilikaa asubuhi. Mkurugenzi wa wafanyakazi, mkuu wa mradi na kompyuta yake, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ambaye ni kijana, na mimi na kalamu yangu. Fundi aliingia na shati jeupe la Jumapili. Mke wake alibaki kwenye benchi la korido. Mkurugenzi alisoma barua, akamuuliza ana la kusema.

"Bakubwa," fundi akasema, mikono ameishikanisha mbele, "ule mutoto ni wangu wa kuzaa. Nilimuzala inje, na mwanamuke mwingine, wa Sandoa. Bibi yangu hakumuzala. Makosa iko pale tu, ku jina ya mama. Naomba musamaha."

Yule kijana wa chama aliinamisha uso kwenye daftari lake, mabega yanamtikisika kidogo. Alikuwa anacheka. Mzee anayesoma barua za mtume kila Jumapili amekiri kwamba ana mtoto wa nje. Kabla ya saa ya chakula cha mchana habari ingekuwa karakana nzima, na jioni ingekuwa parokiani.

Mkurugenzi alilegea kitini. Mtoto wa nje aliyetambuliwa na baba yake ana haki zote, alisema, ni suala la kubadilisha jina la mama na kumpa baba barua ya onyo. Mkuu wa mradi akaitikia kwa kichwa. Alisema mfumo una nafasi ya hilo. Nilimsikia vizuri. Mfumo ulikuwa na nafasi ya uzinzi. Ndugu aliyekufa na kuacha mtoto, huyo ndiye hakuwa na nafasi. Mkurugenzi alishachukua kalamu. Mkono wake ulikuwa umefika kwenye karatasi.

Nikasimama.

Nilisema huyu baba hajawahi kuzaa nje. Nilisema mimi ndiye niliyebadilisha ukurasa, kwa mkono wangu, kwenye kompyuta ya mapokezi, na muuguzi hana kosa. Nikatoa fomu nikawasomea: mtoto wa mdogo wangu, marehemu, mimi ndiye baba yake. Nikamgeukia mkuu wa mradi nikamwambia alinituma kudanganya watu waliokuwa wananiita dada na mama, kwamba amewaadhibu wakweli na kuwalipa waongo, na kwamba keki yake bado inanikaa kooni. Nilisema mengi. Sijawahi kusema vizuri namna ile maishani mwangu. Nilikuwa naona nalisafisha jina la mtu mwema, na nilikuwa naona raha, Mungu anisamehe. Sikumtazama fundi hata mara moja wakati nasema.

Mkuu wa mradi alinishukuru kwa uaminifu wangu. Aliomba ile fomu, akaisoma polepole, akasema, "Basi si mtoto wake wa kuzaa." Akaigeuza kompyuta kwake na kubonyeza mara mbili au tatu, jina la binti likatoka. Mkurugenzi aliweka kalamu chini. Alikuwa ametaka kusaidia, niliona usoni mwake, lakini alisema karatasi imeshasomwa mbele ya tume na hawezi kujifanya hajaisikia. Mimi nikapewa onyo la maandishi. Fundi hakupewa kitu, kwa kuwa hana kosa, alisema ukweli tangu mwanzo. Jalada likafungwa. Hukumu ya mahakama bado wanaitafuta hadi leo ninapoandika, maana inahitaji saini ya mama aliye Sandoa, na mama huyo ameolewa kwingine na hapatikani kirahisi. Binti anatibiwa kwenye zahanati ya parokia. Wana dripu, damu hawana.

Tulitoka mimi na fundi tukaingia koridoni. Mke wake alisimama. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge cha sherehe, kwa sababu alitarajia kuitwa ndani aseme kwamba mume wake alimkosea na yeye amemsamehe. Walikuwa wamefanya mazoezi nyumbani, nilikuja kujua baadaye. Alikuwa amekubali majirani wamcheke ili mtoto abaki kwenye orodha.

"Bamekubali?" akauliza.

Fundi alikuwa ananitazama mimi, na hakuwa na hasira, na mimi nilitamani angekuwa nayo.

"Mama," akasema, "mutoto alikuwa ameshaingia. Eshima yangu, nani alikuomba uichunge?"

Mke wake alitutazama, mmoja halafu mwingine, akauliza tena kama wamekubali. Fundi akasema, "Muulize mama," akaanza kushuka ngazi. Ikabidi nimwambie mimi.